Kifafa Hakianzi Siku ya Kuanguka

Mahindi yakishavunwa, vijiji vingi vya nyanda za juu kusini magharibi mwa Tanzania hufungulia nguruwe wao. Msimu wa mvua mnyama hufungiwa bandani au hufungwa kamba mguuni asije akaharibu shamba la mtu. Kiangazi kikiingia huachiwa ajitafutie riziki. Ufipa nako ni hivyo hivyo. Nguruwe ndiye anayelipia mahitaji ya shule, mbolea ya msimu ujao na gharama za msiba uliobisha hodi bila taarifa. Huzunguka akila makapi, mizizi na mabaki ya jikoni, na pale ambapo kaya haina choo, hula pia kinyesi cha binadamu kilichoachwa kichakani.

Hapo ndipo inapoanzia mojawapo ya njia za kifafa. Kuitambua hadi mwisho wake kumewachukua watafiti zaidi ya miaka 150, na sehemu kubwa ya safari hiyo imepita ndani ya ubongo wa wanyama.

Uwanda wa Ufipa umeinuka kati ya maziwa mawili, Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki. Mji wa Sumbawanga uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa Juni baridi yake huuma, na mbu si wengi kama pwani. Lakini ukielekea mashariki ardhi inakatika ghafla kwenye ukingo wa Lyamba lya Mfipa, na chini yake limelala bonde la Rukwa lenye joto, mashamba ya mpunga na malaria. Magharibi nako, vijiji vya mwambao kama Kirando na Kasanga vimekaa chini, kwenye joto la ziwa. Mtoto wa mkoa huu wa Rukwa anaweza kujeruhiwa ubongo kwa njia nyingi, ila tatu zinajulikana na kila mhudumu wa zahanati: uzazi uliokwama mbali na hospitali, malaria iliyopanda kichwani, na mayai ya minyoo ya tegu. Zote tatu zinaweza kuzaa kifafa. Kwa kawaida hakuna inayokizaa siku ile ile.

Kati ya jeraha na kifafa chenyewe hupita miezi, mara nyingi miaka, na katika muda huo mtoto hucheza, huchunga na kwenda shule kama wenzake. Siku anapoanguka mara ya kwanza kando ya mafiga, hakuna anayekumbuka homa ya miaka minne iliyopita. Na kwa kuwa sababu imebaki mbali nyuma, lawama huangukia kilicho karibu: jirani, mke mwenza, pepo. Historia ya utafiti wa kifafa kwa wanyama ni, kwa sehemu kubwa, historia ya kujaribu kuufanya muda huo uonekane.

Mmoja wa waliokutana nao mapema alikuwa mtoto wa Bahari ya Hindi. Charles-Édouard Brown-Séquard alizaliwa Port Louis, Mauritius, mwaka 1817, akasomea udaktari Paris. Katika miaka ya 1850 alikuwa akikata uti wa mgongo na mishipa ya fahamu ya simbilisi, wale wanyama wadogo wanaofugwa hata leo katika kaya nyingi za Iringa na Njombe. Aliona jambo asilolitarajia: wiki kadhaa baada ya kupona kidonda, simbilisi walianza kudondoka na kutikisika mwili mzima, na ilitosha kuwagusa sehemu fulani ya uso au shingo ili waanze. Brown-Séquard alienda mbali zaidi, akadai kwamba wanyama hao huwarithisha watoto wao ugonjwa. Hapo alikosea, na waliomfuata walilikataa dai hilo. Lakini zile wiki za kungoja zilikuwa za kweli.

Muongo huo huo, huko Ubelgiji, Pierre-Joseph van Beneden alimlisha nguruwe mayai ya tegu. Mwaka 1853, alipomchinja, alikuta nyama imejaa vifuko vyeupe vyenye maji, kila kimoja na kichwa kidogo cha mnyoo ndani yake. Miaka miwili baadaye Mjerumani Friedrich Küchenmeister alikamilisha nusu iliyobaki kwa namna ambayo leo hakuna kamati ya maadili ingeiruhusu: mfungwa aliyekuwa akingoja kunyongwa alilishwa vifuko hivyo kwenye chakula bila kujua, na baada ya kifo chake minyoo michanga ikakutwa tumboni. Mzunguko ukawa umejulikana. Anayekula nyama isiyoiva hupata mnyoo wa tumboni. Anayemeza mayai yanayotoka na kinyesi cha mtu mwenye mnyoo hupata vifuko mwilini, awe nguruwe au binadamu. Tofauti hiyo bado huwapita watu wengi. Mtoto ambaye hajawahi kuonja kitimoto anaweza kupata vifuko kwenye ubongo kwa sababu ya mikono ya aliyempikia, au maji ya kisima, au mboga iliyooshwa haraka haraka.

Nusu ya pili ya karne ya 19 ilikuwa ya umeme. Mwaka 1870 Gustav Fritsch na Eduard Hitzig, wakifanya kazi nyumbani kwa Hitzig mjini Berlin, waligusa ubongo wa mbwa kwa mkondo dhaifu na kuona mguu wa upande wa pili ukiruka. Umeme ulipozidi, mbwa walipata degedege. David Ferrier aliyarudia hayo Uingereza kuanzia 1873 kwa wanyama wa aina nyingi, nyani miongoni mwao, na mwaka 1881 wapinzani wa upasuaji wa wanyama hai walimfikisha mahakamani London. Akaachiwa. Nusu karne baadaye, mjini Boston, Tracy Putnam na Houston Merritt walitumia paka kupima kemikali moja baada ya nyingine, wakitafuta ile itakayozuia degedege la umeme bila kumlaza mnyama usingizi. Mwaka 1938 wakatangaza fenitoini, dawa inayotolewa hospitalini hadi leo.

Kazi zote hizo ziliuliza degedege linawashwaje na linazimwaje. Swali la namna ubongo mzima unavyogeuka kuwa ubongo wa kifafa lilibaki kando mpaka lilipojitokeza kwa bahati tu nchini Kanada. Graham Goddard alikuwa akichunguza jinsi panya wanavyojifunza, si kifafa. Kila siku aliwapa mguso mdogo wa umeme ndani kabisa ya ubongo, hafifu kiasi kwamba mwanzoni hapakutokea lolote. Siku zilivyokwenda, mguso ule ule usioongezwa hata kidogo ukaanza kuwatikisa, na mwishowe ukawaangusha. Alipowapumzisha wiki kadhaa na kuwagusa tena, walianguka mara moja. Ubongo ulikuwa umebadilika na haukurudi ulivyokuwa. Taarifa yake ya kwanza ilitoka mwaka 1967 na ile kamili mwaka 1969. Tangu hapo watafiti wakawa na njia ya kukitazama kifafa kikijengwa, hatua kwa hatua, kabla hakijafika.

Panya wa Goddard walikuwa wakubwa. Mjini New York, Solomon Moshé aliuliza swali la mzazi: na vichanga je? Mwaka 1981 alionyesha kwamba panya wa wiki mbili wanaweza kugeuzwa vivyo hivyo, tena kwa kasi. Panya mkubwa akishapata degedege moja, ubongo wake hukaa kwa muda ukikataa la pili. Ubongo mchanga hauna kinga hiyo, degedege hufuatana. Mwaka huo huo wa 1981 kundi la Robert Vannucci huko Marekani lilieleza jinsi ya kuiga kwa panya wa siku saba kile kinachompata mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa: mshipa mmoja wa damu shingoni hufungwa, kisha mnyama huvuta hewa yenye oksijeni kidogo. Baadhi ya panya waliopitia hayo, walipofuatiliwa hadi utu uzima na maabara nyingine, walipata kifafa miezi kadhaa baadaye, na kwa maisha ya panya miezi ni mingi.

Kwa nini ubongo mchanga uwe mwepesi hivyo? Jibu moja lilitoka Ufaransa mwaka 1989, na liliwashangaza hata waliolileta. Ubongo wa mtu mzima hujizuia kwa kemikali iitwayo GABA, nayo ndiyo inayosaidiwa na dawa kama fenobabito na diazepamu. Yehezkel Ben-Ari na wenzake waliorekodi chembe za ubongo wa panya wa siku chache tu wakaona GABA ikifanya kinyume: ilikuwa breki iliyounganishwa na mafuta, ukiikanyaga gari linakimbia. Chembe changa hubeba chumvi ya kloraidi nyingi ndani yake, na kadiri mnyama anavyokua pampu nyingine huanza kuitoa nje, breki ikarudi kuwa breki. Wauguzi wa wodi za watoto wachanga walikuwa wameona kwa miaka mingi kwamba fenobabito mara nyingi haizimi degedege la kichanga. Sasa walikuwa na sababu moja ya kuifikiria.

Hata hivyo, panya si mtoto. Ilipogunduliwa kwamba bumetanidi, dawa ya zamani ya kupunguza maji mwilini, huziba mlango unaoingiza kloraidi kwenye chembe, na kwamba husaidia panya wachanga, madaktari wa Ulaya waliijaribu kwa vichanga wenye degedege. Walishiriki watoto 14 tu kabla jaribio halijasimamishwa. Dawa haikuonyesha faida ya kutosha, na 3 kati ya watoto 11 waliobaki hai walikutwa na upungufu wa kusikia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015, nayo husomwa leo kama onyo kwa kila anayetaka kuruka kutoka kwenye kizimba cha maabara hadi kwenye kitanda cha mtoto.

Degedege la homa ndilo linalowatisha zaidi wazazi wa bonde la Rukwa. Mtoto anachemka, macho yanapinduka, mwili unakakamaa. Watoto wengi hupona bila kovu. Swali lililowagawa madaktari kwa miongo lilikuwa hili: wachache wanaopata kifafa baadaye, je, degedege ndilo lililokisababisha, au walikuwa na hitilafu tangu mwanzo na degedege likawa dalili yake tu? Kwa binadamu ni vigumu kutenganisha hayo mawili. Tallie Baram, huko California, aliyatenganisha kwa panya wazima wa afya wenye umri wa siku 10 au 11. Aliwapulizia hewa ya moto iliyodhibitiwa mpaka wapate degedege refu, akawapoza, akawaacha wakue. Mwaka 2006 kundi lake liliripoti kwamba karibu 35 kwa kila 100 ya panya hao walikuja kupata kifafa ukubwani. Wote walikuwa wazima kabla, kwa hiyo degedege refu lenyewe liliweza kuuharibu ubongo. Na bado wengi walinusurika, kwa hiyo halikuwa hukumu.

Afrika Mashariki ilikuwa na ushahidi wake, na haukutoka kwenye vizimba. Kilifi, pwani ya Kenya, watafiti waliwafuatilia watoto waliolazwa kwa malaria kali. Mwaka 2004 walionyesha kwamba takriban 9 kwa kila 100 ya walionusurika malaria ya ubongo walikuwa na kifafa, na zaidi ya 11 kwa kila 100 ya waliopata malaria yenye degedege gumu, wakati kwa watoto ambao hawakuugua hivyo walikuwa wapatao 2 tu. Blantyre, Malawi, Gretchen Birbeck na Terrie Taylor walifuatilia manusura 132 wa malaria ya ubongo pamoja na watoto 264 waliolazwa kwa magonjwa mengine. Kufikia mwaka 2010 manusura 12 walikuwa wamepata kifafa. Katika wale 264 hakupatikana hata mmoja.

Bado hakuna aliyekuwa ameona njia yenyewe kutoka kwenye vimelea hadi kifafa. Daktari Paddy Ssentongo kutoka Uganda aliifuata akiwa na kundi la Steven Schiff katika chuo kikuu cha jimbo la Pennsylvania, Marekani. Waliwaambukiza panya wadogo malaria ya panya, wakawaacha waugue hadi ubongo uguswe, kisha wakawaokoa kwa atisuneti, dawa ile ile inayochomwa kwenye wodi za Sumbawanga. Waya nyembamba zilizopandikizwa kichwani zilirekodi ubongo wao baada ya kupona. Mwaka 2017 walitangaza kwamba sehemu ya panya hao walipata kifafa cha kweli, na wengine walikufa ghafla kwa sababu yake. Malaria ilikuwa imeondoka kwenye damu. Kilichoanzishwa nayo kilikuwa kinaendelea kwenye ubongo, kimya.

Kwenye tegu kimya hicho huwa kirefu zaidi. Madaktari wa jeshi la Uingereza walikigundua kati ya vita viwili vya dunia, askari waliotumikia India walipoanza kuanguka kifafa miaka kadhaa baada ya kurudi kwao. Katika nyanda za juu za New Guinea, miaka ya 1970, nguruwe walioletwa kutoka Bali waliingiza tegu kwa wenyeji ambao hawakuwa nao. Dalili ya kwanza iliyoonekana hospitalini ilikuwa wimbi la watu walioungua vibaya: walikuwa wakianguka kwenye moto wa kupikia.

Tanzania ilianza kuhesabu baadaye. Haydom, wilayani Mbulu, Andrea Winkler na wenzake waliwapiga picha za ubongo watu 212 wenye kifafa, na mwaka 2009 wakaripoti kwamba karibu 18 kwa kila 100 walikuwa na alama za vifuko vya tegu. Mbozi, jirani wa Ufipa kwa upande wa kusini mashariki, kulipimwa watu 830 wa vijiji 13. Damu ya 16.7 kwa kila 100 ilionyesha maambukizi ya vifuko. Nguruwe wa huko waliopimwa damu miaka hiyo hiyo walikuwa wameambukizwa kwa kiwango cha takriban theluthi moja. Mfipa anayesafiri kwenda Mbeya hupita Mbozi. Ufugaji, vyoo na chakula havibadiliki sana njiani.

Swali la nguruwe mwenyewe lilikuwa halijajibiwa. Vifuko hujaa kwenye ubongo wake pia, lakini wafugaji husema hawajawahi kumwona nguruwe akianguka kifafa. Sababu moja ni kisu. Nguruwe wengi huchinjwa kabla ya kutimiza miaka miwili, na ule muda wa kimya haupati nafasi ya kwisha. Sababu nyingine ni kwamba hakuna anayemtazama usiku. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, Ernatus Mkupasi na Helena Ngowi, pamoja na Chiara Trevisan na Maria Vang Johansen kutoka Denmark, waliamua kutazama. Waliwaweka nguruwe 16 wenye maambukizi mazito ya asili na 15 wasio nayo, wakawarekodi kwa kamera mchana na usiku kwa wiki mbili. Wawili kati ya wale 16 walipata degedege. Masikio na mkia vilikakamaa, midomo ikatikisika, wakatafuna hewa huku mate yakitoka povu, kisha misuli ikakaza yote na mnyama akaanguka chini. Makala yao ya mwaka 2016 iliyafanya mabanda ya Morogoro kuwa maabara ya kifafa ambayo haikuhitaji waya wala umeme kukiwasha.

Uchunguzi wa bongo za nguruwe wa Tanzania na kazi kama hizo kutoka Zambia na Peru uliongeza jambo la msingi. Kifuko kilicho hai hujificha. Kinga ya mwili hukizunguka kidogo tu. Kinapoanza kufa ndipo uvimbe unapowaka kuzunguka, na chembe za ubongo zilizo jirani huanza kurusha mawimbi yasiyo na mpangilio. Kwa hiyo degedege la kwanza laweza kuja wakati mnyoo unashindwa.

Jambo hilo linaigusa Rukwa moja kwa moja. Katika shule za msingi, wanafunzi hupewa prazikwanteli dhidi ya kichocho. Dawa hiyo huua pia tegu wa tumboni, na utafiti uliofanywa Mbozi na Mbeya ulionyesha tegu na maambukizi ya nguruwe yakipungua baada ya kampeni za shuleni. Lakini mtoto mwenye vifuko hai kwenye ubongo, asiyejua kama anavyo, anaweza kupata degedege dawa inapoviua. Kwa nguruwe, dozi moja ya oksifendazo, miligramu 30 kwa kila kilo ya uzito, iliua vifuko vyote vya nyama katika majaribio ya Sokoine, ila baadhi ya vile vya ubongo vilibaki hai.

Zahanati ya kijiji haina mashine ya kupiga picha ubongo. Kilichopo ni mhudumu anayeweza kumuuliza mwanafunzi, kabla hajampa kidonge, kama amewahi kuanguka, kuumwa kichwa kusikoisha au kuona vivimbe chini ya ngozi. Kuna fenobabito, ikiwa haijaisha stoo. Na kuna afisa mifugo anayeweza kuvuta ulimi wa nguruwe sokoni na kupapasa vifuko chini yake. Kila kimoja kati ya hivyo hufanya kazi ndani ya ule muda wa kimya, kabla ya anguko la kwanza au mara tu baada yake, na banda linalobaki limefungwa wakati wa kiangazi hufanya kazi mapema kuliko vyote.